Kifaranga wa Miaka Hamsini na Nane

Rosaire Pednault alisimama golini tangu hajaota meno ya ukubwa mpaka alipofikisha miaka hamsini na minne, na hapa mjini Sainte-Radegonde hakuna mtu aliyewahi kusema kwamba Rosaire hajui barafu. Matatizo yake yalianzia hapo hapo. Mtu asiyejua kitu, na akajua kwamba hajui, hufundishika. Anayedhani anajua lazima kwanza afundishwe kutojua, na hiyo ni kazi ambayo sitaki kumwombea hata adui yangu.

Hoki ya barafuni ilimwacha yeye, si yeye aliyeiacha. Timu ya mtaa ilipata kipa kijana mwenye magoti mapya, wakamkatia Rosaire keki, wakampa picha yake ndani ya fremu, wakamwambia karibu utazame mechi wakati wowote. Alitazama mechi mbili. Baada ya hapo akawa anashinda nyumbani kila Jumamosi akimfuata mkewe Huguette kutoka chumba hiki kwenda kile, akikaza parafujo ambazo hazikuwa zimelegea. Siku za kazi alikuwa fundi wa majiko ya kupasha nyumba joto, na mji mzima ulimjua kwa sauti ya gari lake. Lakini Jumamosi ilikuwa siku yake ya barafu tangu utoto, na sasa ilikuwa siku yake ya kumsumbua Huguette.

Kwenye karamu ya mwaka mpya, meza imejaa pai za nyama na supu ya maharage mapana, Rosaire akatangaza kwamba amejiandikisha klabu ya kuteleza barafuni kwa madaha. Klabu hiyo ilikuwa na kipindi cha wanaoanza kila Jumamosi asubuhi, watoto kwa watu wazima, na mtu hupanda ngazi moja baada ya nyingine kwa mtihani.

Yvon Lavertu, beki wake wa zamani na rafiki yake wa kufa na kuzikana, aliweka uma chini.

"Ile ya kuzungukazunguka? Yenye visketi?"

"Hiyo hiyo."

"Na wewe utavaa kisketi?"

"Nikikivaa nitakualika uje unifungie zipu."

Meza ikacheka. Rosaire, aliyekuwa ameshakunywa kidogo, akaongeza maneno ambayo angeyalipia kwa misimu minne. Alisema hizo ngazi za wanaoanza ni za watoto wa miaka sita, na yeye amesimama juu ya barafu nusu karne. Alisema Pasaka ikifika atakuwa amezimaliza zote. Barafu ni barafu, alisema.

"Haya," alijibu Huguette, akaendelea kukata pai.

Wenye kujua mambo hayo mtanisamehe nikieleza. Kiatu cha hoki, chuma chake cha chini kimeviringwa mbele, na mchezaji hujisukuma kwa kidole gumba kama farasi. Kiatu cha madaha kina meno mbele. Ukijisukuma kwa kidole gumba, yale meno huuma barafu, mguu hubaki ulipo, na sehemu nyingine ya mwili wako huendelea na safari. Jumamosi ya kwanza Rosaire aliingia uwanjani kwa kishindo, kifua mbele, mbele ya wazazi waliokuwa wakimfahamu vizuri, akapiga hatua mbili na kulala kifudifudi.

Mwalimu alikuwa Solange Boily, msusi wa nywele siku za kazi, mwanamke mfupi asiyepandisha sauti. Alimwendea taratibu.

"Umefika mlangoni tu," alimwambia. "Bado hujaingia."

Hilo la meno alilizoea baada ya majuma kadhaa. Kuna jingine ambalo hakulizoea, na hili ni ugonjwa wa makipa peke yao. Kipa wa hoki akiona hatari hafikiri. Anashuka magoti yote mawili kwa pamoja, miguu imetanuka pembeni kama mbawa, mikono mbele, na hivyo ndivyo goli linavyozibwa. Rosaire alikuwa amefanya hivyo maelfu ya mara mpaka likawa si jambo analolifanya bali jambo linalomtokea. Sasa kila alipohisi anayumba kidogo tu, iwe kwenye kugeuka, iwe kwenye kusimama mguu mmoja, pa, magoti chini, miguu imetanuka, akiziba goli ambalo halikuwepo. Mzoea kunyonga kuchinja hawezi, na mzoea kudaka hawezi kuyumba kama watu wengine wanavyoyumba.

Watoto walimpita. Walimpita wa miaka saba, wakampita wa miaka sita, akampita mmoja aliyekuwa bado anaingia uwanjani na chuchu ya bandia mfukoni. Mtoto akianguka hana umbali wa kuanguka, na Jumatatu hana jiko la mtu la kutengeneza. Anakuja na Jumamosi zake zote mkononi, msimu wa baridi mmoja au miwili anamaliza ngazi za mwanzo na kwenda zake. Mtu mzima anakuja na mgongo wake, na bili zake, na ile hofu inayokaa shingoni. Jiko la mjane fulani linazimika Jumamosi ile ile ya somo, goti linavimba, mwezi umekwisha. Akirudi anakuta mwili umesahau yote aliyoufundisha, ila ule upumbavu wa zamani tu. Watu wakiniuliza mtu mzima huchukua muda gani, nawajibu kwamba walionipa jibu la haraka wote walikuwa bado hawajaanza.

Msimu ule wa kwanza watu wazima walikuwa watano pamoja naye: karani wa shule, daktari wa meno, na dada wawili waliokuja wamevaa kofia zinazofanana. Krismasi iliyofuata walibaki wawili. Halafu akabaki Rosaire.

Pasaka ilifika, kama inavyofika kila mwaka, na Rosaire hakuwa amemaliza hata ngazi ya pili. Na hapo ndipo ilipoingia sheria ya klabu.

Kila Aprili, kabla barafu ya uwanja haijayeyushwa, klabu hufanya onyesho kubwa. Mji wote huja. Na sheria ni hii, haina umri wala cheo: unacheza na kundi la ngazi uliyofikia. Aliye ngazi za mwanzo anacheza na wa ngazi za mwanzo. Mwaka ule onyesho lilihusu maisha ya shambani, na wanaoanza walikuwa vifaranga.

Huguette alikuwa mmoja wa wanawake wanaoshona mavazi ya onyesho. Alimpima mumewe kifua, tumbo na nyonga, akaandika, akatazama alichoandika, akaenda chumba kingine kucheka.

Basi fikiria mwenyewe. Taa zimezimwa, muziki unaanza, wanaingia vifaranga kumi na wawili wa manjano wanaofika kiunoni mwa mtu, na katikati yao kifaranga mmoja wa kilo mia moja, mwenye masharubu. Uwanja ulishangilia mpaka muziki haukusikika. Walipofika katikati, Rosaire akayumba. Magoti chini, mbawa zimetanuka. Na vifaranga wote kumi na wawili, waliokuwa wameambiwa wamfuate aliye mbele, wakashuka magoti na kutanua mbawa zao vilevile.

Watu walilia. Padri mstaafu ilibidi apigwe mgongoni. Yvon, aliyekuwa amekaa safu ya juu na wale wazee wote wa hoki na bia zao, alipoteza miwani na hajaipata mpaka leo.

Rosaire naye alifurahi, nisidanganye. Katika miaka yote ya golini hakuwahi kushangiliwa namna ile. Mwaka uliofuata onyesho lilihusu chini ya bahari, lakini Francine Dallaire, mwenyekiti wa klabu, mwanamke anayejua watu wanataka nini, akaamua kwamba hata baharini panaweza kuwa na vifaranga. Mwaka wa tatu vifaranga walikwenda mwezini. Kila mwaka Rosaire alianguka, kila mwaka wadogo wakamfuata, na watu wa vijiji vya jirani wakaanza kukodi basi waje kumwona. Picha yake ya manjano ilibandikwa mpaka kwenye duka la jibini. Alipokwenda kutengeneza jiko la mtu, mwenye nyumba alimfungulia mlango akisema, "Karibu, kifaranga."

Wasichokijua ni kwamba katikati ya vicheko hivyo kuna kitu kilikuwa kimemnasa. Ilikuwa Jumatano moja ya msimu wa pili, asubuhi kabla ya kazi, uwanja mtupu, mashine ya kulainisha barafu imetoka kupita na barafu bado ina maji. Solange alimwambia asimame kwenye ukingo wa nje wa mguu wa kushoto, apinde goti, asifanye lolote. Alisimama, akapinda, hakufanya lolote. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na siku ile aliinama barabara. Chuma kikaanza kujichorea chenyewe duara, polepole, bila sauti, naye akapelekwa. Miaka yote ile barafu alikuwa ameipiga, ameisukuma, ameiangukia. Hakujua kwamba ukiiacha inaweza kukubeba.

Jioni alimsimulia Huguette juu ya sahani ya supu.

"Leo nimechora duara."

"Duara zima?"

Alifikiri. "Robo."

"Basi umechora robo. Kula, inapoa."

Lakini Huguette alimwangalia tena, kwa sababu alikuwa hajawahi kumwona mumewe na uso ule kwa ajili ya robo ya kitu chochote.

Kutoka robo mpaka nusu ilikuwa baridi nzima. Kugeuka kutoka mbele kwenda nyuma kwa mguu mmoja, baridi nyingine. Kuzunguka mahali pamoja mara tatu bila kwenda kuangukia uzio, sijui niseme nini, alikuwa akizunguka hata jikoni akiwa na soksi, mpaka Huguette akahamisha vyombo vya kioo. Na ule mruko. Mruko wa kwanza wanaofundishwa wote: unaondoka ukitazama mbele kwa mguu mmoja, unageuka nusu hewani, unatua kwa mguu mwingine ukienda kinyumenyume. Mtoto huuruka kama anavuka dimbwi la maji. Rosaire aliuruka na kila alipotua, pa, goli limezibwa.

Msimu wa nne, mwishoni mwa Januari, akaanza kutua. Si kila mara. Mara moja katika tano, kisha mara moja katika tatu. Solange akamwambia mtihani ni Machi, na safari hii anamwandika jina. Akipita, atakuwa ametoka ngazi za mwanzo, na kwenye onyesho la Aprili atacheza peke yake, kwa kuwa mtu mzima mwingine hayupo.

Habari ilimfikia Francine Dallaire, na jiko lake likaharibika. Sisemi aliliharibu yeye. Nasema liliharibika juma lile.

Rosaire alikuwa amelala chali kwenye chumba cha chini cha nyumba ya mwenyekiti, kichwa ndani ya jiko, miguu nje, ndipo Francine alipovuta kiti na kuketi karibu na ile miguu.

"Nasikia unafanya mtihani Machi."

"Solange amesema."

"Safi sana. Nimefurahi. Mimi nauliza tu, Oktoba si kuna mtihani mwingine?"

Ndani ya jiko bisibisi iliendelea kuzunguka.

"Kwa sababu basi tatu zimeshaulizia," aliendelea Francine. "Tatu, Rosaire. Mwaka jana ilikuwa moja. Kuna bibi wa miaka tisini na mmoja anatoka hospitali siku hiyo kwa ajili yako. Na wale wadogo, bila wewe hawajui wamfuate nani. Sikukatazi. Nasema upite Oktoba, mtihani ni ule ule, haukimbii."

Mtu aliyelala chini ya jiko la mwenye nyumba hana pa kusimama akabishe. Isitoshe Rosaire ni mtu ambaye hajawahi kumnyima mtu kitu katika maisha yake, isipokuwa goli.

"Sawa," alisema kutoka ndani.

Jumamosi alimweleza Solange. Alimkuta amepiga magoti akimfunga kamba za viatu Maélie, msichana wa miaka sita asiye na meno ya mbele, aliyekuwa amepangiwa mtihani wa Machi pamoja na Rosaire. Solange alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa. Maélie ndiye aliyejibu.

"Kwani bado hujui?"

"Najua kidogo."

"Mimi nimekuona. Juzi umetua mara mbili." Alimtazama kama mtu anayemtazama mwenzake akitupa peremende. "Sasa mbona hutaki?"

"Nenda kapashe miguu, Maélie," Solange alisema. Mtoto akaenda. Solange akasimama, na kwa kuwa Rosaire alikuwa amevaa viatu vya barafu na yeye hajavaa, kichwa chake kilimfika kifuani.

"Miaka kumi na tisa nafundisha hapa," alisema. "Watu wazima wamepita mikononi mwangu, siwahesabu. Wengine walikuwa wepesi kuliko wewe, wembamba kuliko wewe, na hawakuwa na mdudu wa magotini. Wote wameondoka bado wanayumba. Wakati mwingine nakutana nao dukani wananiambia, nitarudi, Solange, mambo yakitulia. Hakuna aliyerudi. Nilishaanza kuwaza kwamba labda watu wazima hawatoki kwenye ngazi zile, labda ndivyo mambo yalivyo, na mimi nawapotezea Jumamosi zao. Wewe ndiye wa kwanza kufika hapa. Halafu unaniambia Oktoba, kwa sababu watu wanataka kucheka."

"Ni watu wazuri, Solange."

"Ni wazuri sana. Hata mimi nacheka. Ila Oktoba utakuwa na miaka hamsini na tisa, na mwaka gani goti lako litaamua kwamba limechoka, hilo mimi na wewe hatulijui."

Alikaa akavaa viatu vyake vya barafu. Aliingia uwanjani akaanza somo.

Rosaire alirudi nyumbani akamkuta Huguette mezani amezungukwa na kitambaa cha manjano, sindano mdomoni. Aliketi mbele yake. Akaokota kipande cha manjano, akakigeuzageuza.

"Una nini, mzee wangu?" Huguette alitoa sindano mdomoni.

"Ungesikitika nisipokuwa kifaranga?"

"Mimi nashona tu. Ukiniambia shona, nashona. Ukiniambia acha, naacha." Alimtazama. "Wewe unataka nini?"

Rosaire alijaribu kulitafuta neno na halikuja lenye madoido, likaja hili. "Miaka mitatu wananiona nikianguka. Nataka wanione mara moja nikiwa nimesimama."

Huguette hakucheka. Alianza kukunja kile kitambaa, pembe kwa pembe, akakitia kwenye mfuko. Kisha akampigia simu Francine Dallaire, yeye mwenyewe, akafunga mlango wa jikoni, na alilomwambia hakuna aliyelisikia. Francine hakumsalimia Rosaire mpaka mtihani ulipokwisha.

Mtihani ulisimamiwa na mama mmoja kutoka mji wa ng'ambo ya ziwa, Madame Néron, amejifunga blanketi miguuni, hacheki wala hakunji uso. Watoto wanane na Rosaire. Aligeuka vizuri. Alizunguka mara tatu, ya tatu akiomba msamaha kwa uso, lakini ilikuwa tatu. Ukaja mruko. Aliondoka, akageuka hewani, akagusa chini, akahisi kisigino kinateleza unywele mmoja tu, na mwili ukafanya ulichozoea. Magoti chini. Mbawa pembeni.

Madame Néron aliegemea mbele. "Hicho sikukiomba."

"Samahani, mama."

"Unaruhusiwa kurudia mara moja."

Solange alimwita ukingoni. Kwa misimu minne alikuwa amemwambia usianguke, simama, jizuie. Sasa akamshika kola.

"Nisikilize. Ukihisi unaanguka, anguka. Anguka kwa makalio, anguka kwa ubavu, anguka utakavyo. Ila usidake. Hakuna goli hapo nyuma yako. Geuka uangalie."

Rosaire akageuka kweli, mtu mzima yule, akaangalia nyuma yake. Palikuwa na barafu tupu, na kule mwisho Maélie amekaa kwenye benchi anakula tofaa. Akarudi mwanzo. Akaondoka, akageuka hewani, akagusa chini, kisigino kikateleza vilevile. Akangoja kuanguka. Akangoja. Alikuwa bado anangoja alipogundua kwamba anakwenda kinyumenyume kwa mguu mmoja, mikono imetanuka, na uzio unakuja.

Madame Néron aliandika.

"Ni kidogo," alisema.

"Kidogo kinatosha, mama?"

"Kinatosha."

Rosaire alimshika Solange akamwinua juu na viatu vyake, naye Solange, asiyepandisha sauti, akapandisha sauti akitaka kuteremshwa. Maélie alipita pia. Walikwenda kula chipsi za mchuzi na jibini kwenye kibanda cha uwanjani, watahiniwa wote tisa meza moja, na Maélie akawaeleza wenzake kwamba Rosaire amepita mara ya pili lakini inahesabiwa.

Francine alisalimu amri kwa namna yake. Alimpa nafasi kwenye onyesho, dakika mbili, kabla ya vifaranga.

"Lakini nakwambia mapema," alisema. "Ukitokea tu, watacheka. Wamezoea. Utasimama pale umevaa shati lako zuri, na wao watakuwa wanangoja uanguke. Utafanyaje?"

"Wacheke."

"Na usipoanguka?"

"Hapo sijui, Francine. Sijawahi."

Usiku wa onyesho hapakuwa na kiti. Basi tatu zilikuja zikawa nne, na yule bibi alikuwepo kwenye kiti chake cha magurudumu, blanketi mpaka kidevuni. Safu ya juu wazee wa hoki walikuwa wamejaa, Yvon katikati na kengele ya ng'ombe mkononi. Rosaire alisimama gizani nyuma ya pazia, suruali nyeusi, shati jeupe alilopigiwa pasi na Huguette mara mbili.  Alitamani vazi la manjano, kwa kweli alilitamani, kwa sababu ndani yake mtu hakosei.

Taa ikamwangukia. Kicheko kikapasuka kabla hajapiga hatua. Kengele ya Yvon ikalia, na safu ya juu ikaanza, ki-fa-ra-nga, ki-fa-ra-nga, na mji mzima ukaidaka. Walikuwa wanampenda. Hilo alilijua, na ndilo lililofanya miguu iwe mizito.

Muziki ukaanza, waltzi, dansi ya zamani iliyopigwa kwa kinanda cha mkono. Akajisukuma, kwa ubavu wa chuma si kwa kidole, akakaa kwenye ukingo wa nje wa mguu wa kushoto, akapinda goti. Duara likaanza. Likafika robo, likafika nusu, watu wanacheka, likawa zima. Akageuka, akaenda kinyumenyume, akachora jingine. Kicheko kikaanza kupungua, si kwa mkupuo, kilipungua safu kwa safu, kama watu wanavyonyamaza chumbani mmoja mmoja wakigundua kwamba anayezungumza hasemi utani. Alipozunguka mara tatu katikati ya uwanja, kengele ya Yvon ilikuwa imenyamaza.

Kisha akauendea mruko, na uwanja mzima ulijua kwamba hapa sasa ndipo atakapoanguka. Wengine walishaanza kusimama waone vizuri.

Aliruka. Haukuwa mruko wa kuandikwa popote. Kipande cha mkate kingepita chini yake, pengine viwili. Akatua kwa mguu wa kulia, akaenda kinyumenyume, mikono imefunguka, kifua juu, akaenda, akaenda, polepole, mpaka mwendo ulipokwisha wenyewe. Akasimama.

Hapakuwa na sauti. Watu elfu moja na mia ngapi hawakujua la kufanya. Walikuwa wamekuja na kicheko na sasa hawana pa kukiweka. Rosaire alisimama pale chini ya taa akisikia pumzi yake mwenyewe, akawaza, basi, nimewaharibia.

Ndipo kishindo kikaanza. Kule mlangoni, vifaranga kumi na watatu waliokuwa wamejipanga wakingoja zamu yao, walikuwa wanapiga ubao wa uzio kwa mbawa zao za manjano, kama wachezaji wa hoki wanavyofanya mwenzao akifunga goli. Walipiga kwa nguvu zao zote. Maélie, ambaye sasa alikuwa kundi la wakubwa na amevaa vito, alikuwa ameacha mstari wake akaja kupiga pamoja nao. Wao walikuwa wameanguka na mruko ule Jumamosi baada ya Jumamosi, na kati ya watu wote waliokuwa mle ndani wao peke yao ndio waliojua kilichofanyika. Kisha Solange akapiga ubao. Kisha Huguette, kule pembeni na sindano zake kifuani, akasimama, na uwanja wote ukasimama nyuma yake.

Rosaire alilia waziwazi, masharubu yamelowa, wala hakujificha. Alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuipata golini, kwa sababu golini watu walishangilia kitu alichokizuia. Aliinama mara moja, kwa uangalifu, akateleza kuelekea mlango wa uzio.

Aliyekuwa ameshika mlango ni Yvon. Alikuwa ameshuka kutoka safu ya juu, ngazi zote zile na nyonga yake mbovu, na hakuna aliyemwona akishuka. Rosaire alisimama mbele yake akingoja utani, kwa kuwa tangu wakiwa wavulana Yvon hakuwahi kukosa utani.  Yvon akamtazama rafiki yake kuanzia shati mpaka viatu.

"Umesimama," alisema.

"Nimesimama."

Yvon akatikisa kichwa kukubali, akauvuta mlango mpaka mwisho, akajibanza ukutani ili Rosaire apite.

"Haya, pita bwana," alisema. "Watoto wanasubiri barafu."